Kioo Hugeuza

Hakuna msemo uliochakazwa na wahakiki wa Kiswahili kama ule usemao kuwa fasihi ni kioo cha jamii. Hurudiwa darasani, hurudiwa katika dibaji, na mshairi asiyetaja bei ya unga huambiwa ameukimbia umma. Wausemao hawajapata kukitazama kioo chenyewe.

Na waitazame kazi ya James McNeill Whistler, mchoraji Mmarekani aliyefilisika London mwaka 1879, kisha akatumwa Venice na Fine Art Society achore mabamba 12 ya shaba. Alipewa miezi mitatu. Akakaa takriban miezi 14. Alisimama mbele ya majumba ya kando ya maji, akakwaruza kwa sindano juu ya bamba lililopakwa nta, papo hapo, jinsi alivyoona. Tindikali ikaila mistari hiyo. Bamba likibanwa juu ya karatasi, kulia huwa kushoto. Angeweza kuchora kinyume ili chapa itoke sawa. Hakutaka.

Katika “Nocturne: Palaces” majumba yamesimama usiku, na taswira zake zimelala majini. Mna mageuzo mawili basi: maji yamepindua juu kuwa chini, bamba limegeuza kulia kuwa kushoto. Juu ya hayo, Whistler aliacha utando wa wino juu ya bamba, mara mzito, mara mwepesi. Bamba lile lile likazaa magharibi, likazaa na usiku wa manane. Ni chapa ipi kati ya hizo iliyo kioo cha Venice?

Watetezi wa kioo watajibu kwamba mwenye njaa hashibi taswira za majumba. Ni kweli, na ushairi usiojali watu ni pambo tupu. Lakini kujali si kunakili. Whistler huyo huyo, katika mji huo huo, aliwachora ombaomba na wanawake watungao shanga, kwa sindano ile ile aliyochorea majumba.

Mizani na vina ndivyo bamba la mshairi: hakuna kipitacho humo kikatoka kama kilivyoingia. Ajaye na fimbo ya kioo kuuliza iwapo shairi limefanana na mtaa amekosa swali. Aulize mtaa umegeuzwa vipi, na mgeuzo huo umeonyesha nini ambacho apitaye mtaani kila siku hakukiona. Asiyeweza kuuliza hivyo na awaachie wengine uhakiki.