Jina la fundi wa maabara liko wapi?

SAFU YA JUMAPILI
Na Zuhura Mbelwa

Mwaka 1969 jarida la Physics Education la Uingereza lilichapa makala fupi yenye majina mawili juu yake. La kwanza E. B. Mpemba, la pili D. G. Osborne. Osborne alikuwa mhadhiri wa fizikia Dar es Salaam. Mpemba alikuwa kijana anayesomea uhifadhi wa wanyamapori, na yote yalianzia kwenye aiskrimu. Mwaka 1963, akisoma Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliogopa kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza maziwa yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia yakiwa baridi. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa.

Vipimo vilifanyika kwenye maabara ya Osborne. Angeweza kuandika peke yake na kumshukuru mwanafunzi mmoja mwishoni. Badala yake alimtanguliza Mpemba na kumwachia asimulie kisa chake mwenyewe. Hivyo ndivyo haki ya uandishi inavyotendeka.

Hata hivyo, katika makala hiyohiyo yumo mtu wa tatu: fundi kijana wa maabara aliyetumwa kupima, akarudi na jibu kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda. Hatajwi jina.

Ndugu zake huyo fundi wako wengi hadi leo. Ni wadadisi wanaozunguka vijijini na vishikwambi, ni mafundi sanifu wanaokesha na sampuli za damu. Makala ikitoka, wao wamo kwenye mstari wa shukrani, na juu kabisa yuko bosi aliyesaini bajeti.

Ukiuliza, unasomewa masharti ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba: mwandishi awe amechangia kubuni utafiti, kukusanya data au kuichambua, awe ameshiriki kuandika, aridhie nakala ya mwisho, awe tayari kuwajibika. Mdadisi hakuandika, wanasema, kwa hiyo hastahili. Wamesoma nusu! Kamati hiyohiyo inasema anayetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kuyatimiza yaliyobaki. Unamficha mtu rasimu, kisha unamhukumu kwa kutoiandika? Hiyo ni dhuluma. Na kutafuta fedha au kusimamia kitengo, peke yake, kamati imesema wazi hakumfanyi mtu kuwa mwandishi.

Wala kisingizio kisiwe nafasi. Mwaka 2015 wanafizikia wa CERN walichapa makala kuhusu chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Majina na taasisi zao zikala kurasa 24 kati ya 33.

Kamati zetu za maadili zinaweza kulimaliza hili mapema. Makubaliano ya uandishi yawe sehemu ya maombi ya kibali, yaoneshe nani atafanya nini na nani ataitwa kwenye rasimu. Mdadisi apewe nakala yake, kwa Kiswahili, kabla hajapanda gari la kwenda kijijini.