Meza Ipimwe kwa Mtu, Si Mtu kwa Meza



Pengine mtashangaa kuona tunaandika habari za meza, na hali mambo ya mishahara na nyumba hayajakwisha. Lakini mshahara huja mara moja kwa mwezi, na meza i mbele yetu kila siku, tangu asubuhi mpaka king'ora cha jioni. Meza ikiwa mbaya, hula mwili wa mtu polepole, wala hailipi.

Tutoe mfano wa karakana tunamofanya kazi. Majiliwa yetu yote yamefungwa juu ya meza za kimo kimoja. Siku moja wakati wa chakula tulichukua futi tukajipima. Kila mtu alisimama wima, akaacha mkono uning'inie, akakunja kiwiko, tukapima toka sakafuni hata kiwikoni. Mrefu wetu alipata inchi 46, mfupi wetu inchi 39. Mdomo wa jiliwa ulikuwa inchi 42. Basi yule mrefu huinama siku nzima kama mtu atafutaye senti iliyomwanguka, na yule mfupi huinua mabega akapiga tupa kwa nguvu ya shingo. Mmoja analia kiuno, wa pili analia mabega, nao hupewa vidonge vya namna moja. Meza haikuulizwa neno.

Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni yao: mdomo wa jiliwa uwe sawa na kiwiko cha mpiga tupa, ili mkono wake uende sawasawa. Wataalamu wa mwili na kazi nao husema kwamba kimo hutegemea kazi yenyewe. Kwa anayesimama, kazi ndogo ya macho iwe juu ya kiwiko inchi 2 mpaka 4. Kazi nyepesi ya mikono iwe chini ya kiwiko inchi 4 mpaka 6. Kazi nzito iwe chini zaidi, inchi 6 mpaka 16, ili uzito wa mwili uusaidie mkono.

Jambo hili si la karakana tu. Karani amewekewa kompyuta juu ya meza iliyotengenezwa kwa kalamu na karatasi, na jioni mabega yake yamekuwa kama mawe. Nyumbani wake zetu hupiga pasi juu ya meza ya chakula, iliyopimwa kwa mtu aliyeketi, wakainama mpaka nguo za watoto ziishe. Wazee wetu hawakufanya hivyo. Tazameni mbuzi ya kukunia nazi: kiti na kazi vimeungwa pamoja, na aliyeketi hukuta nazi mbele ya mikono yake. Aliyeibuni alianza na mwili wa mtu, ndipo akatafuta mbao.

Wako watakaotuambia, "Ukitaka cha mvunguni sharti uiname." Ni kweli. Lakini aliyeinama mvunguni huchukua chake akainuka. Sisi twainama miaka 20, na cha mvunguni huchukuliwa na mwingine.

Wengine watasema gharama ni kubwa. Hatutaki kila mtu atengenezewe meza yake. Meza iwe ya kumfaa mrefu, na mfupi apewe jukwaa imara la mbao la kusimamia. Chini ya meza pabaki nafasi ya vidole vya miguu, ili mtu asogee karibu na kazi yake. Na kwa kuwa kusimama kutwa nzima huumiza hata penye meza nzuri, kiti kiwepo kwa kazi inayoweza kufanywa kwa kuketi. Je, mbao chache ni ghali kuliko fundi aliyelala nyumbani kwa maumivu ya mgongo?

Tunasema haya sasa kwa sababu tumeambiwa meza mpya zinakuja. Zikisha kufungwa sakafuni kwa bolti, tutakuwa tumechelewa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri aone kwamba mahali pa kazi na vyombo vyake vinamfaa mfanya kazi. Sheria hiyo hiyo inataka penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Basi tusiende kuomba kama watu waombao fadhila.

Kila sehemu ijipime wiki hii. Andikeni kimo cha kiwiko, kimo cha meza, na kazi inayofanywa hapo, mkawape wajumbe wenu. Mtu mmoja akilalamika ataambiwa ni mvivu. Karatasi yenye vipimo vyetu sote haiwezi kuitwa mvivu.

Wazee wetu wengi waliondoka kazini wameinama. Sisi tungependa kurudi nyumbani tumesimama wima.

Umoja ni nguvu.