Springi Mpya, Mkono Ule Ule: Wadosi wa Shabaha Waache Maigizo

Jina lake libaki mfukoni. Ila wanaozunguka viwanja vya shabaha vya Nairobi na Kiambu watamjua tu. Gari kubwa, kofia yenye nembo za Kimarekani, na mkanda wa bastola unaong'aa kuliko sufuria za bi harusi. Kila shindano anakuja na kitu kipya. Mara springi, mara bafa, mara kioo cha nukta nyekundu juu ya bastola. Matokeo yakibandikwa ukutani, jina lake liko katikati ya orodha, pale pale lilipokuwa mwaka jana.

Na sababu anayo. "Springi bado haijakaa sawa." Springi gani hiyo jamani, isiyokaa mwaka mzima?

Tatizo ni kwamba hayuko peke yake. Limezuka kundi zima la wadosi wanaoamini ushindi unauzwa dukani, na vijana wanaoingia kwenye mchezo wanawaiga. Kijana amepata cheti cha silaha juzi, hajui hata kushika vizuri, tayari anauliza abadilishe springi ya ratili ngapi.

Wadau wasiojua mambo haya, hadithi yenyewe ni nyepesi. Risasi ikilipuka, slaidi ya bastola inarudi nyuma na kutupa ganda. Springi iliyo chini yake inaisukuma tena mbele, ikibeba risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Kiwanda kilipima springi hiyo kwa risasi za kawaida. Ukiweka laini zaidi, mkono unahisi mtikiso tofauti na mdomo wa bastola huenda ukatulia haraka, ndiyo. Lakini slaidi inagonga fremu kwa nguvu zaidi, na ikirudi mbele huenda isifunge kabisa. Ukiweka ngumu kupita kiasi, slaidi haifiki mwisho, ganda linabanwa mlangoni, na mchezo umeisha.

Hapo ndipo bafa inapoingia. Ni kipande kidogo cha plastiki ngumu kinachokaa kwenye fimbo ya springi ili slaidi isigonge fremu chuma kwa chuma. Wazo si baya. Ila kinapunguza kidogo mwendo wa slaidi, kinachakaa, na kisipobadilishwa kwa wakati kinamegeka na vipande vyake kuzagaa ndani ya bastola. Mdosi wetu aliwahi kusimama mbele ya watu wote akivuta slaidi kama anavuta ng'ombe mtoni. Msimamizi akamwambia kwa upole, "Bosi, silaha imekwama. Elekeza mdomo chini kule mbele, tuifungue." Bafa ilikuwa imepasuka. Siku hiyo lawama ikapewa risasi.

Swali ni hili: ushauri huu wote unatoka wapi? Unatoka Marekani, kwenye video. Na kule una maana yake. Mshindani wa Kimarekani wa kiwango cha juu mara nyingi hujaza risasi zake mwenyewe mezani nyumbani. Anapima baruti, anajua kasi ya kila risasi, halafu anachagua springi inayolingana nayo. Springi na risasi ni mke na mume. Sasa mtu wa Nairobi anayenunua risasi za kiwandani, leo za nchi hii, kesho za nchi ile, kulingana na kilichopo kwa muuzaji, anailinganisha springi yake na nini? Leo imekubali, mwezi ujao sanduku jingine la risasi linaikataa. Amekopa viatu bila kuuliza vilishonewa mguu wa nani.

Kichekesho kikubwa zaidi ni mchezo wenyewe. Wengi wa hawa wanashindana chini ya kanuni za IDPA, ambazo uwanja wa Kirigiti kule Kiambu unazifahamu vizuri. IDPA ilianzishwa Marekani mwaka 1996, na sababu yake inajulikana. Mashindano ya zamani yalikuwa yamegeuka mbio za vifaa, bastola zimejaa makorokoro ambayo hakuna mtu angeyabeba kiunoni akienda sokoni. Mmoja wa waanzilishi alikuwa Bill Wilson, fundi wa bastola wa Arkansas, mtu ambaye kampuni yake yenyewe inauza springi na bafa. Hata yeye muuza vipuri alitaka mchezo wa bastola za kawaida! Halafu wadosi wa huku wanaingia humo humo na kuurudisha ugonjwa ambao watu waliukimbia.

Haya, hesabu. Katika IDPA unaanza na muda uliotumia, halafu kila pointi unayopoteza inaongeza sekunde 1. Kituo kimoja hakizidi risasi 18. Mdosi apewe zawadi, ichukuliwe kwamba springi yake ya ajabu inamwokolea sekunde 0.02 kwa kila risasi. Mara 18 ni sekunde 0.36. Risasi moja tu ikitoka nje kidogo ya duara la katikati, sekunde nzima imeondoka. Ikienda pembeni zaidi ni sekunde 3. Hiyo springi imemsaidia nini?

Kuna dada mmoja, yeye pia bila jina, anauza vitambaa mjini. Bastola yake ni ile ile iliyotoka kwenye boksi. Kilengeo chake ni kile kile cha chuma, na rangi ya mbele imeanza kufifia. Kila usiku watoto wakilala anaitoa risasi zote, anaziweka chumba kingine, anakagua mara mbili, halafu anafanya mazoezi ya kufyatua kavu, taratibu, ukutani. Hayo mazoezi hayamli hata risasi moja. Na kwa sheria ya Kenya, ambapo cheti cha silaha hutaja hata idadi ya risasi unazoruhusiwa, mazoezi bila risasi ni dhahabu. Huyo madam anampita mdosi kila mara. Mdosi anasema ana bahati.

Mpaka hapa ni kichekesho. Kinachofuata si kichekesho.

Mmarekani mwenye bastola ya mashindano mara nyingi anayo nyingine ya kubeba. Huku, mwenye cheti cha kujilinda mara nyingi ana bastola moja. Ile ile aliyoilegeza Jumamosi uwanjani ndiyo iliyo kiunoni Jumamosi usiku pale nyama choma, katikati ya watu, chupa mezani. Glock ya kawaida hutoka kiwandani ikihitaji kidole kivute kama kilo 2.5. Uzito huo haukuwekwa ili kumwudhi mtu. Ni dakika ya mwisho ya kufikiri kabla ya risasi kutoka. Fundi wa uchochoroni akiukata mpaka uwe kama manyoya, kidole chenye hofu kinaweza kufyatua kabla kichwa hakijaamua. Na springi ya pini ikilegezwa ili kifyatulio kiwe chepesi, pini inaweza kuigusa fataki ya risasi bila kuilipua. Yaani siku jambazi atakapokuja kweli, bastola inaweza kusema "tik" na kunyamaza. Mdosi amelipa pesa ili silaha yake iwe hatari kwa marafiki na rafiki kwa majambazi.

Haki itendeke. Springi huchoka, na kuibadilisha kwa nyingine ya uzito ule ule wa kiwanda ni matunzo, kama kubadilisha oili ya gari. Mzee ambaye macho yamechoka akiweka nukta nyekundu, na akashindana katika daraja lake, hakuna wa kumcheka. Anajua anachotafuta. Anayestahili kuchekwa ni yule anayenunua ili asifanye mazoezi.

Na viongozi wa vilabu nao wasijifiche. Bastola iliyochezewa ikaguliwe kabla ya mwenyewe kuruhusiwa kupiga, awe mfadhili wa shindano au asiwe. Wageni wafundishwe kushika, kusimama na kuvuta kifyatulio kabla ya kuonyeshwa katalogi. Mdosi akinuna, anune na springi zake.

Wadau, mnaomjua mkimtambua msimtaje. Semeni tu hapo chini: kati ya mdosi na dada wa vitambaa, nani mngependa aketi meza ya jirani na bastola kiunoni?