Picha Huuza, Kinga Hudumu
Mkeka wa plastiki wenye sura ya mbao, unaouzwa kwa mita katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam, hauna mbao hata chembe. Ni PVC iliyopangwa tabaka juu ya tabaka: chini sponji inayopunguza kelele na ubaridi wa saruji, katikati, kwa aina bora, wavu wa nyuzi za kioo unaozuia mkeka usisinyae, juu yake picha iliyochapwa, mninga au marumaru kwa hiari ya mnunuzi, na mwisho tabaka angavu la kinga. Hilo ndilo linalokanyagwa. La nyumbani aghalabu huwa na unene wa milimita 0.15 hadi 0.3, la ofisi na maduka hufika 0.5 au zaidi. Mchanga wa viatuni hulisugua kama msasa, na kizulia chenye mpira chini yake huacha doa la manjano lisilotoka kwa sabuni yoyote, kwa kuwa kemikali za mpira hupenya ndani ya plastiki. Picha huuza, kinga hudumu. Ila wanunuzi hubishana nusu saa juu ya rangi, na muuzaji akitaja unene hutaja wa mkeka mzima, ambao mwingi ni sponji. Bei isiyotaja unene wa kinga ni bei ya picha tu. Kinga ikishaliwa, mkeka haupakwi vanishi upya kama sakafu ya mbao: hukatwa kipande kikabandikwa kingine, au hung'olewa wote.