Miji Minne na Taa za Usiku

Leo naomba ruhusa tuziache kando habari nzito, niwaandikie habari za tumbo, za macho, na za usingizi uliokosekana. Maana msafiri arudiye nyumbani bila masimulizi ni kama mvuvi arudiye bila samaki: watu humtazama mikono, kisha huenda zao.

Katika kiangazi cha mwaka 2017 mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini, alikuwa anakaa na mama yake hapa Bwegera. Marehemu baba yake alimwachia shamba la mpunga katika bonde la Ruzizi. Si kubwa, lakini lapata maji vizuri. Kijana huyu alikuwa amekwisha kupatana na mnunuzi. Alisema kwamba hapa kwetu jua likitua watu hufunga milango, bali mijini maisha huanza saa ile ile. Naye hakuzaliwa ili asikilize vyura mpaka uzee. Dada yangu akanijia analia: "Kaka, mzuie."

Mimi najua ya kuwa kijana akikatazwa mji, huupenda mara mbili. Basi nikamwita, nikamwambia: "Mnunuzi na angoje majuma mawili. Twende kwanza tuione hiyo miji, tule chakula chake, tuutazame usiku wake. Ukiisha kuona, uza au usiuze, mimi sitatia neno." Akakubali upesi sana, maana nauli ilikuwa yangu.

Tukaanza na Bukavu. Kutoka Bwegera hupita Luvungi na Kamanyola, kisha gari hupanda magenge ya Ngomo. Hapo abiria waliokuwa wakipiga soga hunyamaza ghafula, na kila mtu hukumbuka sala alizofundishwa utotoni. Mji wenyewe wapendeza kweli. Umekaa juu ya rasi zilizoingia katika ziwa Kivu kama vidole vya mkono, na nyumba zimepanda vilima mpaka kileleni. Lakini mpwa wangu alitoka bondeni na shati jepesi la kwendea dansi. Jua lilipotua, baridi ikamshika kooni. Usiku wake wa kwanza wa mjini aliutumia amevaa koti langu. Nami usiku huo wa mjini niliuona kutoka chini ya blanketi.

Kesho yake jioni tulifuata sauti ya rumba mpaka mahali pa chakula. Tukaletewa sambaza, visamaki vya ziwa Kivu, vimekaangwa vikavu, huliwa vizima pamoja na kichwa, kwa ugali na pilipili. Kijana aliipiga sahani picha kwa simu yake, akawapelekea wenzake. "Mjomba," akasema, "chakula kama hiki kwetu hakipatikani."

Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi akacheka. Akatueleza kwamba sambaza si wenyeji wa Kivu. Ziwa lile halikuwa na visamaki vya namna hiyo katika maji yake mapana. Basi kati ya mwaka 1958 na 1960 vililetwa kutoka ziwa Tanganyika, vikatiwa majini, vikazaa na kujaa. Ziwa Kivu liko juu ya Tanganyika kwa mita 700 hivi. Kwa hiyo sisi wawili tulikuwa tumepanda milima, kwa nauli na kwa hofu, ili tule samaki wa ziwa letu wenyewe! Mzee akaongeza ya kuwa hata kiwanda cha bia cha mji kilikuwa kikinunua mchele wa bonde la Ruzizi. Mpwa wangu akaitazama chupa iliyokuwa mbele yake kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

Tuliposhuka tena, tulipita Bwegera bila kuteremka, asije mama mtu akaanza upya machozi. Lakini Sange tulisimama. Hapo, usiku wa tarehe 2 Julai 2010, watu walikuwa wamekusanyika katika vibanda vya sinema kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Gari la petroli likapinduka barabarani, moto ukalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa, wakiwamo watoto na vijana waliotaka tu kufurahi jioni moja. Mpwa wangu aliyekuwa akisema habari za starehe za usiku tangu Ngomo, akavua kofia. Tukawaombea marehemu, tukaenda.

Uvira ni mji mrefu na mwembamba: nyuma milima, mbele ziwa, na katikati nafasi ya kupitisha barabara na majirani. Jioni moshi wa mishikaki ya mbuzi hupanda kando ya njia kama ubani. Tuliagiza samaki wa kuchoma, mukeke, mmoja kwa wawili. Mara taa zikazimika mtaa mzima. Kula samaki gizani, wasomaji wangu, ni kazi ya kujifunza unyenyekevu. Tulikula polepole, kila mmoja akimwonya mwenzake juu ya miba, na mwisho nikagundua ya kuwa nilikuwa nimekula upande wangu na nusu ya upande wake. Hakuniamini nilipomwambia kwamba ilikuwa bahati mbaya.

Kisha tukavuka mpaka wa Gatumba, tukaingia Bujumbura, mji ambao wazee wetu bado hukosea wakauita Usumbura, jina lake la kabla ya uhuru wa mwaka 1962. Huko kijana alifurahi hasa. Barabara pana, miti, na pwani ambako watu hukaa jioni kuitazama milima ya kwetu, Kongo, ikigeuka buluu ng'ambo ya maji. Tulikaa tunaitazama nchi tuliyoiacha, na kwa mara ya kwanza tukaiona kuwa nzuri. Kiboko mmoja alitoa kichwa majini, akatutazama pia, akaona hatuna maana, akazama.

Usiku tulizunguka Buyenzi, mtaa wa Waswahili, kwenye chai na maandazi na mazungumzo yasiyokwisha. Lakini mpwa wangu alitaka mahali pa watu wakubwa. Basi tukaingia katika nyumba moja ya chakula yenye vitambaa vyeupe mezani. Karatasi ya vyakula ilikuwa kwa Kifaransa kirefu. Kijana hakutaka kuuliza, akaweka kidole juu ya mstari uliokuwa mrefu kupita yote, akisema ya kuwa jina kubwa haliwezi kuwa na chakula kidogo. Tukangoja. Kikaja chakula chini ya kifuniko kinachong'aa. Mtumishi akakifunua kwa heshima. Alikuwa mukeke! Ni kweli alikuwa na vitunguu, limau na ndizi za kukaanga pembeni, lakini alikuwa mukeke yule yule wa Uvira. Hesabu ilipoletwa, kijana aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mjomba, huyu samaki alipanda ndege?"

Kutoka Bujumbura tulifuata ziwa kwa gari, Rumonge na Nyanza-Lac, tukaingia Tanzania kwa njia ya Manyovu, tukafika Kigoma. Hapo ndipo reli itokayo Dar es Salaam inakoishia, nayo ilifika mwaka 1914. Bandarini tuliikuta meli Liemba, mzee wa ziwa. Wadachi waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaileta vipande vipande, wakaiunganisha Kigoma. Mwaka 1916 waliizamisha wenyewe, adui asiipate. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Mpwa wangu aliitazama sana, akasema: "Kumbe mtu aweza kuzama miaka minane, kisha akapata kazi!"

Sokoni aliona samaki wapya wamepangwa juu ya meza. Akamwuliza mama muuzaji kwa adabu: "Shikamoo mama, mukeke ni bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Mukeke hakuna."

Kijana akaonyesha kwa kidole: "Na hawa?"

"Hawa ni migebuka."

Wakabishana kwa upole kwa muda, yeye na mama, juu ya samaki mmoja mwenye majina mawili. Kadhalika ndagala wetu, huko ni dagaa, na dagaa wa Kigoma husifiwa mbali sana. Nikamwambia mpwa wangu: "Wewe ulidhani watembea kutoka chakula hata chakula. Samaki ni mmoja, ila kila bandari imembatiza upya."

Jioni tulikwenda Ujiji, tukanywa kahawa chungu kwa kashata kati ya wazee. Hapo mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone. Watu wengi wazijua habari hizo, lakini wachache hukumbuka yaliyofuata: wageni hao wawili walipanda mtumbwi mwezi ule ule wa Novemba, wakaenda mpaka ncha ya kaskazini ya ziwa, wapate kujua kama mto Ruzizi hutoka ziwani au huingia. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakigombana juu ya jambo hilo. Wakaona ya kuwa huingia. Mpwa wangu aliangua kicheko, akawaambia wazee: "Mto huo hupita kwetu. Wangalimwuliza babu yangu, wasingalichoka kupiga kasia!" Wazee wakafurahi, wakamwagizia kahawa nyingine. Nami niliona jambo moja: katika safari yote, hiyo ndiyo mara ya kwanza aliposema "kwetu" bila kuona haya.

Tulirudi kwa chombo cha mizigo kilichokuwa kikienda Kalundu, bandari ya Uvira. Tuliondoka jua likitua. Ulikuwa usiku wa giza, hakuna mwezi. Nililala juu ya magunia. Usiku wa manane kijana akaniamsha: "Mjomba, mjomba! Ule ni mji gani?"

Nikainuka. Mbele yetu palikuwa na taa nyingi sana, safu kwa safu, zinameta mpaka upeo wa macho. Hata Bujumbura haikuwa na taa nzuri kama hizo. Nahodha akacheka: "Huo si mji. Ni wavuvi."

Tulipopita karibu tukaona. Vyombo viwili viwili vimeunganishwa kwa miti, na taa zimening'inizwa juu ya maji. Nahodha akatueleza ya kuwa zamani ilikuwa mienge ya moto, kisha zikaja karabai, na sasa wengi hutumia taa za betri. Ndagala huifuata nuru, hukusanyika; ndipo wavuvi huinua wavu kutoka chini. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hutawanyika, na wavuvi hupumzika. Mahali penye kina kupita pote katika ziwa hilo, maji hupita mita 1,400 kwenda chini. Katika maziwa yote ya dunia ni Baikal la Urusi peke yake lililo refu zaidi kwa kina. Watu wale walikuwa wamelowa, wanavuta kamba kwa wimbo, wakati wale wa vitambaa vyeupe wamekwisha kulala na kushiba.

Mpwa wangu hakulala tena. Alikaa ukingoni mpaka taa ya mwisho ilipopotea nyuma. Hakupiga picha. Mwishoni akasema: "Basi hao ndio wanaokesha kweli."

Tulishuka Kalundu, akanunua ndagala kwa fedha zake mwenyewe, zawadi ya mama. Jumapili baada ya Misa mnunuzi wa shamba akaja na fedha zake ndani ya bahasha. Kijana alimkaribisha vizuri, akamkalisha, akamwekea wali wa shamba lile lile pamoja na ndagala. Mgeni alikula, akasifu. Alipokwisha kunawa mikono, kijana akamwambia: "Ndugu, nimefurahi chakula kimekupendeza. Shamba haliuzwi." Mimi nilikuwa nimeahidi kutotia neno, nikatia kijiko.

Tangu safari hiyo mengi yamepita. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaana, kwa maana hata sahani ya miji minne yaweza kuisha. Mwaka 2025 vita vilifika Bukavu mwezi wa Februari, na mwezi wa Desemba vikafika Uvira. Njia ile niliyowasimulia kwa kicheko ilijaa watu wenye magodoro vichwani na watoto mikononi, wakikimbilia Burundi.

Ndiyo sababu nimeona si utoto kuandika habari za samaki na kahawa. Watoto wanaokua sasa wasije wakadhani kwamba njia hizi zilichongwa kwa ajili ya kukimbia. Zilikuwa njia za kwenda kula kwa jirani, kubishana naye juu ya jina la samaki, na kurudi nyumbani na zawadi ya mama. Mungu akipenda zitakuwa hivyo tena. Nami nitavaa koti mbili, moja yangu na moja ya mpwa wangu.