Maradhi ya Kutetemeka Yasipuuzwe

Kwa miaka kadhaa sasa zimekuwa zikienea habari za upasuaji wa ubongo unaofanywa bila kisu, kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Ni habari njema kwa watu ambao mikono yao hutetemeka hata wakashindwa kushika kikombe. Hata hivyo, zisipoelezwa sawasawa zaweza kuwapotosha wananchi, na hata viongozi wanaopanga matumizi ya fedha za umma.

Mawimbi hayo si mageni kwetu, kwani ndiyo yanayotumika kuwapima akina mama wajawazito. Katika tiba hii, mgonjwa hunyolewa nywele, akavikwa kofia maalumu yenye vyanzo vya mawimbi 1,024, kisha akaingizwa katika mashine ya MRI inayowaonyesha madaktari ndani ya ubongo. Kila wimbi peke yake ni dhaifu na hupita katika fuvu bila kudhuru. Yote yanapokutana mahali pamoja huleta joto la kuunguza sehemu ndogo sana inayosababisha mtetemeko, kama kioo cha kukuza kinavyokusanya miale ya jua na kuchoma jani kavu.

Mwaka 2016 Marekani iliruhusu tiba hiyo kwa watu wenye mtetemeko wa mikono usiosikia dawa. Katika majaribio ya wagonjwa 76 yaliyochapishwa mwaka huo, wale waliotibiwa walipata nafuu ya karibu nusu katika mkono uliolengwa baada ya miezi 3. Lakini baadhi yao walibaki na ganzi au mwendo wa kuyumba. Tena, kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson, tiba hii hupunguza dalili tu; haiuondoi ugonjwa wala haiuzuii kuendelea.

Basi mwananchi wa Jibondo au Bweni afanyeje? Sisi tunaamini kwamba haja yake ya kwanza si kofia hiyo. Haja yake ya kwanza ni mtu wa kumwambia anaumwa nini.

Tunayo sababu ya kusema hivyo. Katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson miongoni mwa watu wapatao 161,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba walipatikana wagonjwa 33, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamepata kuambiwa na daktari kwamba wana ugonjwa huo. Ikiwa hali ilikuwa hivyo katika wilaya ya bara iliyo karibu na hospitali kubwa ya rufaa ya KCMC, hatuna budi kujiuliza hali ikoje katika wilaya ya visiwa, ambako safari ya kwenda kwa daktari bingwa ni kuvuka bahari hadi Nyamisati na kisha kushika barabara ya Dar es Salaam.

Mtetemeko si uzee tu, wala si jini, wala si kijicho cha jirani. Fundi wa jahazi asiyeweza tena kuishika tezo, au mama asiyeweza kusuka ukili, amepoteza riziki yake. Akidhaniwa kuwa amelogwa au amelewa, amepoteza na heshima yake.

Dawa zipo, nazo ni za vidonge. Levodopa pamoja na carbidopa, kwa wagonjwa wa Parkinson, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa mtetemeko usiotokana na Parkinson, mara nyingi hutumika propranolol, dawa iliyozoeleka pia kwa shinikizo la damu, ingawa haifai kwa mwenye pumu. Hata mbegu za upupu, mmea tunaoujua kwa muwasho wake, zina levodopa ndani yake. Lakini tunaonya kwamba mtu asijitibu nazo nyumbani, kwani hakuna ajuaye kipimo kilichomo katika kila mbegu.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, Mganga Mkuu wa Wilaya awezeshwe kuwafundisha wahudumu wa zahanati zote, pamoja na za visiwa vidogo, kuzitambua dalili: mkono unaotetemeka ukiwa umetulia, mwendo mzito, viungo vilivyokakamaa. Pili, Wizara ya Afya ihakikishe vidonge hivyo havikosekani katika Hospitali ya Wilaya, Kilindoni, na madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu wafike kisiwani kwa ratiba inayojulikana. Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inapotekelezwa, maradhi haya yasisahauliwe.

Nao wananchi wana wajibu wao. Asifichwe ndani mzee anayetetemeka. Apelekwe zahanati mapema.

Hatuipingi mashine mpya. Siku taifa litakapokuwa na uwezo wa kuileta, tutaifurahia. Lakini mgonjwa asiyejulikana hawezi kutibiwa, hata kama mashine hiyo itateremshwa kesho katika gati la Kilindoni.