Kokoto Nazo Zihesabiwe

Barabara mpya ikizinduliwa tunapiga makofi, na tuna haki ya kupiga makofi. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuuliza mawe yake yalichimbwa wapi? Barabara haishuki kutoka mbinguni. Ni kilima cha watu fulani kilichovunjwavunjwa, kikapakiwa, kikaja kulazwa mbele yetu.

Hebu tupige hesabu ndogo. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita 7, ikiwekewa tabaka moja tu la kokoto lenye unene wa sentimita 20, inameza mita za ujazo 1,400. Lori linalobeba mita za ujazo 10 litakwenda safari 140. Kwa kilomita 100 ni safari 14,000, na hapo sijagusa kifusi cha chini, madaraja wala mifereji.

Tanzania tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayotaka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haijaanza. Sheria ni nzuri. Ugomvi wangu ni na ripoti zinazoandikwa chini yake. Katika baadhi ya nilizozisoma, miti itakayokatwa kando ya njia imehesabiwa mmoja mmoja, lakini juu ya mawe na mchanga nikakuta sentensi moja: vitatoka katika machimbo yaliyopo. Yaliyopo wapi? Yamebakiwa na kiasi gani? Nani anaishi jirani yake?

Wapo watakaonijibu kwamba machimbo yana leseni yake na tathmini yake, hivyo kuyataja tena ni kuhesabu mara mbili. Ningekubali kama jumla yake ingekuwa imehesabiwa hata mara moja. Kila shimo likitazamwa peke yake ni dogo. Mradi ndio unaoyaita mashimo yote kwa wakati mmoja, na wenye mradi ndio wanaoijua jumla. Tena uko mchanga unaochotwa mtoni na watu wasio na leseni wala ripoti.

Gharama yake tunaijua. Mchanga wa mtoni ndio chakula cha ufuko: mawimbi yanakula, mto unarudisha. Ukiuchota huko juu, mawimbi hayaachi kula. Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, bahari imekuwa ikila ufuko kwa miaka mingi, na wataalamu waliochunguza wametaja uchimbaji wa mchanga katika mito ya eneo lile kuwa mojawapo ya sababu. Waliojenga mjini walilipa bei ya lori. Bei iliyobaki ililipwa na ufuko.

Sisemi tusijenge. Nami nalala katika nyumba ya matofali ya saruji, na lami hiyo hiyo naipita. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na kilima ni mali. Kila ripoti itamke mambo matatu: kitachimbwa kiasi gani, wapi, na nani atakayefukia shimo kwa fedha zilizokwisha wekwa kando kabla lori la kwanza halijapakia. Isiyotamka hayo irudishwe kwa mwandishi wake.

Mkandarasi akimaliza kazi huondoka na mitambo yake. Shimo haliondoki. Linajaa maji ya mvua, linafuga mbu, na watoto wa kijiji ndimo wanamojifunzia kuogelea.